Risasi Moja Kama Nyingine: Kushindilia kwa Ajili ya Masafa Marefu katika Hewa ya Kitale na Bungoma

Kushindilia risasi kwa mkono ni kulichukua ganda la shaba lililokwisha kupigwa, kulirudisha umbo lake, kulitia fataki mpya, kulipimia baruti na kulifunga kwa kichwa kipya. Hufanywa moja moja, kwa uangalifu ambao kiwanda kinachotoa maelfu kwa siku hakina nafasi nao. Walenga shabaha wa masafa marefu huifanya kazi hii kwa sababu moja kubwa: wanataka risasi ya ishirini iwe sawa na ya kwanza. Nguvu si hoja. Risasi yenye kasi kubwa inayobadilika-badilika huyatawanya matundu kwenye shabaha ya mita 800, ilhali ile ya kasi ya wastani isiyobadilika huyakusanya mahali pamoja.

Hesabu yake iko wazi. Risasi ya .308 Winchester yenye kichwa cha greni 175, yaani gramu 11.3, hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde. Ikitoka moja yenye upungufu wa mita 8, ambao ni asilimia moja tu, kwa mita 300 itapiga chini ya mwenzake kwa pungufu ya sentimita 2, na mlengaji hataona kitu. Kwa yadi 1,000, ambazo ni mita 914, tofauti hiyohiyo inakuwa karibu sentimita 20. Kwa hiyo mkulima wa Endebess au Kwanza anayemiliki bunduki kwa kibali ili kulinda mifugo, na ambaye hatalenga kitu kilicho mbali zaidi ya mita 150, hana atakachopata katika kazi hii. Anunue risasi za kiwandani zilizo nzuri, afanye mazoezi. Anayehusika ni mlenga shabaha wa mashindano, hasa kuanzia mita 500 kwenda mbele.

Kupima baruti kwa mkono si jambo geni magharibi mwa Kenya. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza liliivamia ngome ya Chetambe, juu ya Webuye katika Kaunti ya Bungoma ya leo, na miongoni mwa Wabukusu walioilinda walikuwamo wenye bunduki. Enzi hizo gobore ndilo lililoenea, na gobore hushindiliwa kutoka mdomoni: baruti, kitambaa, kisha risasi ya mviringo, mkono wa mtu ukiwa ndio mzani. Mtutu wake hauna michirizi ya kuizungusha risasi, na kipimo cha baruti hakirudii kilivyokuwa, hivyo kupita mita mia moja hivi kunabaki bahati. Miaka michache baadaye W. D. M. Bell, Mskoti aliyepitia Mumias na kandokando ya Mlima Elgon kwenda Karamoja, aliwaua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake ya uwindaji. Mauaji hayo hayana la kusifiwa. Lakini kuna jambo la kujifunza katika uchaguzi wake wa risasi: bunduki nyepesi ya milimita 6.5 aliiacha kwa sababu risasi zake zilimsumbua, akategemea zaidi Mauser ya 7×57 kwa kuwa risasi za Kijerumani za bunduki hiyo hazikumwangusha. Tangu Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, shabaha ya karatasi ndiyo peke yake iliyobaki kwa mwenye bunduki anayependa masafa.

Kabla ya chombo chochote kununuliwa, sheria ishughulikiwe. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye silaha au risasi awe na cheti, na cheti hicho hutaja idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Baruti nayo ni kilipuzi, na vilipuzi vina sheria yake, Sura ya 115. Cheti cha kumiliki bunduki hakimfanyi mtu kuwa mtengenezaji wa risasi. Anayetaka kushindilia aandikie kwanza Bodi ya Leseni za Silaha za Moto, aeleze ni bunduki gani, ni ya mchezo gani, vifaa vitawekwa wapi, na asubiri jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa ofisa wa kituo cha karibu haimkingi. Katika eneo linalopakana na Pokot Magharibi na mpaka wa Uganda, ambako biashara ya risasi za magendo imewatia watu uchungu kwa miaka mingi, mtu anayekutwa na baruti na fataki nyumbani bila karatasi hawezi kutegemea kueleweka. Asiyepata ruhusa asikate tamaa: sehemu kubwa ya usahihi unaotafutwa hapa inapatikana kwa kuchagua risasi za kiwandani na kuijua hewa, kama itakavyoelezwa mbele.

Risasi kamili ina sehemu nne, na kila moja ina namna yake ya kuharibu ulinganifu. Ganda ndilo chumba cha moto. Maganda mawili yaliyo sawa kwa nje yanaweza kutofautiana kwa unene wa ukuta, na lenye ukuta mnene huwa na nafasi ndogo ndani, hivyo baruti ileile humo huleta shinikizo kubwa zaidi. Dawa yake ni kutumia maganda ya kiwanda kimoja na namba moja ya toleo, yaliyopigwa idadi sawa ya mara, yakae katika sanduku lao na yasichanganywe kamwe. Mkulima wa Trans Nzoia anaifahamu mantiki hii: mbegu ya mahindi iliyochambuliwa kwa ukubwa mmoja hupita katika mashine ya kupandia kwa nafasi sawa, na iliyochanganywa huacha mapengo shambani.

Fataki huwasha baruti. Za kiwanda kimoja huwaka kwa ukali tofauti na za kingine, na kubadilisha fataki bila kurudi nyuma na kipimo cha baruti ni hatari, kwa kuwa shinikizo linaweza kupanda ghafla. Anayeokota maganda uwanjani achungulie ndani yake kwa tochi. Lenye kitobo kimoja katikati linaweza kutolewa fataki kwa pini ya kawaida ya kalibu, chombo cha kulirudishia ganda umbo. Lenye vitobo viwili vidogo halifai kwa kazi hii, na pini itavunjika.

Baruti isiyo na moshi huuzwa kwa aina nyingi zinazofanana sana kwa macho na kutofautiana sana kwa kasi ya kuungua. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Kazi ikiisha, baki lirudi katika kopo lake lilelile, na baruti ambayo jina lake halijulikani kwa hakika iharibiwe hata kama ni nyingi na ilinunuliwa ghali. Bunduki zilizopasuka mikononi mwa watu zilipasuka mara nyingi kwa makosa ya namna hii: baruti siyo, au ganda lililotiwa mara mbili.

Kichwa ndicho kinachosafiri. Kwa masafa marefu hutumika vichwa vya mashindano, vyenye ncha ndefu na mkia uliochongwa kidogo ili hewa ipite bila kukivuta. Kichwa cha greni 168 cha Sierra MatchKing kilibuniwa kwa mashindano ya mita 300 na kwa umbali huo hakina lawama. Tatizo lake huja karibu na yadi 1,000, kasi inaposhuka kukaribia ya sauti, kwa kuwa umbo lake huanza kuyumba hapo. Kile cha greni 175 hupita eneo hilo kwa utulivu zaidi. Kwa mlengaji anayefikiria yadi 900 na 1,000, uchaguzi kati ya viwili hivi una uzito kuliko saa nyingi za kupima baruti.

Kazi yenyewe huanza kwa kukagua. Ganda hushikwa karibu na mwanga na shingo yake kuangaliwa kama ina ufa. Kisha huchukuliwa waya mwembamba uliopindwa ncha kwa milimita moja au mbili, huingizwa hadi chini na kuvutwa polepole juu ukigusa ukuta wa ndani. Ukuta mzima hupitisha waya bila kukwama. Ukikwama kidogo juu tu ya kitako, kama ukucha unavyokwama katika mchoro, ganda limeanza kuchanika kutoka ndani na litatengana siku yoyote ndani ya chemba. Kwa nje mara nyingi utepe unaong'aa huonekana mahali palepale. Ganda la namna hiyo hupondwa kwa koleo ili mtu mwingine asije akalitumia.

Yaliyofaulu husafishwa na kukaushwa kabisa. Kitale ina miezi mirefu ya mvua, na ganda lililooshwa jioni halitakauka vizuri ndani kwa usiku mmoja wa Julai. Siku mbili karibu na dirisha lenye jua ni bora kuliko haraka. Baadaye hupakwa mafuta maalumu kidogo sana na kusukumwa ndani ya kalibu ili lirudi umbo. Hapa ndipo wengi huharibu kwa kutojua: wao huisukuma kalibu hadi mwisho, bega la ganda likarudi nyuma mno, na kila ganda likanyooka upya linapopigwa mpaka likachanika. Kwa bunduki ya bolti inatosha bega lirudi nyuma kwa milimita 0.03 hadi 0.05 kutoka lilipokuwa baada ya kupigwa. Kifaa cha kupimia bega kina thamani kuliko mashine ya bei.

Ganda hurefuka kila linapotumika. La .308 halipaswi kuzidi milimita 51.18, na kwa kawaida hukatwa hadi 50.9. Lililozidi huweza kubana kichwa katika chemba na kupandisha shinikizo. Baada ya kukata, mdomo hukwanguliwa ukingo ndani na nje. Shingo inayopigwa mara kwa mara hugeuka ngumu na kukishika kichwa kwa nguvu zisizo sawa, na ndiyo maana baadhi ya watu huilainisha kwa moto wa gesi kwa sekunde chache. Moto huo uguse shingo na bega peke yake. Kitako kikilainika hakiwezi tena kustahimili shinikizo, na hakuna njia ya kukirudisha. Anayeanza aache kabisa hatua hii. Maganda mapya machache yatampa faida zaidi.

Kupima baruti huchukua muda mrefu kuliko hatua zote. Greni moja ya kumi ni miligramu 6.5, na katika ganda la ukubwa wa .308 badiliko hilo huleta tofauti ya karibu mita 1.5 kwa sekunde. Mzani unaosoma hadi sehemu moja ya kumi ya greni unatosha basi, na wanaonunua mizani ya maabara kwa ajili ya .308 wanatafuta faida ndogo huku kubwa zikiwa bado hazijaguswa. Kinachohitajika zaidi ni mzani usiodanganya. Mizani ya kielektroni huyumba stima inapopanda na kushuka, na miji ya magharibi mwa Kenya inaijua shida hiyo. Huyumba pia upepo ukipita mezani, au simu ikiwekwa karibu. Mzani wa mkono wa mizania hauhitaji stima. Kwa vyovyote vile, jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana liwekwe juu yake kabla ya kuanza na tena kila baada ya maganda kumi.

Kiasi cha baruti hakibuniwi. Hutoka katika kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti au kichwa, kama vile Hornady, Sierra, Lyman au Vihtavuori, kwa ganda, fataki na kichwa kilekile kilichotajwa. Mshindiliaji huanza asilimia kumi chini ya kiwango cha juu na kupanda kidogo kidogo, akipiga na kukagua kila hatua. Bolti ikiwa nzito kufunguka, fataki ikibanwa bapa hadi kujaza kingo zake, au kitako cha ganda kikipata alama inayong'aa, hapo pamezidi, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Mitutu haifanani. Vipimo vya rafiki, hata awe bingwa, ni vya bunduki yake. Maganda yote yakishatiwa baruti yasimamishwe katika kibao chenye matundu na kumulikwa kwa tochi kutoka juu, safu kwa safu, kabla ya kichwa hata kimoja kuingizwa: lililotiwa mara mbili, au lililoachwa tupu, huonekana mara moja kando ya wenzake.

Kuingiza kichwa kunahitaji mambo mawili: kina kinachorudiwa na unyofu. Urefu wa risasi nzima ya .308, kwa kiwango cha Marekani, hauzidi milimita 71.37, na ukipimwa kutoka ncha utadanganya, kwa kuwa ncha za vichwa vya mashindano hazilingani. Hupimwa kutoka pale kichwa kinapogusana na michirizi ya mtutu, kwa kifaa kinachovaliwa kwenye vernia. Umbali kati ya kichwa na michirizi hujaribiwa kwa hatua, lakini kichwa kisisukumwe hadi kukwama ndani ya michirizi bila kupunguza baruti. Kuhusu unyofu, risasi huzungushwa juu ya kifaa chenye saa ya kupimia. Ikicheza chini ya milimita 0.08 inafaa, na zinazozidi hutengwa kwa mazoezi ya karibu.

Meza ya kazi hii ina sheria zake za usalama: miwani machoni, hakuna sigara, hakuna jiko la makaa wala mshumaa, watoto wasiingie. Fataki zibaki katika pakiti zake za kiwandani hadi dakika ya kutumika. Zikirundikwa katika chupa ya kioo, moja ikilipuka huwasha zote. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwani masizi ya fataki na vichwa vina risasi, yale madini yanayodhuru ubongo, na watoto wa nyumba ndio wanaodhurika kwanza.

Kujaribu ndiko kunakotenganisha bahati na ukweli. Matundu matatu yaliyogusana kwa mita 100 humfurahisha mtu na hayathibitishi kitu. Kipimo kilekile kesho kinaweza kutoa duara mara mbili ya hilo. Ushahidi wa kutegemewa huanza karibu na risasi 20, zilizopigwa kwa siku tofauti kuelekea alama ileile. Kwa Mkenya idadi hiyo si ndogo, kwa kuwa risasi zinahesabiwa katika cheti na uwanja unaweza kuwa mbali. Njia ya kuokoa ni kupiga kumi kumi juu ya kronografu, chombo kinachosoma kasi ya kila risasi, kwa umbali mfupi. Kipimo ambacho kasi zake zinakaribiana huchaguliwa, na hicho pekee ndicho kinachopelekwa mita 600 na zaidi. Mlengaji aandike pia risasi aliyoiharibu mwenyewe kwa kushtuka, aandike kabla hajaangalia shabaha. Bila hivyo baruti italaumiwa kwa kosa la kidole.

Asiye na ruhusa ya kushindilia hufuata kanuni ileile kwa njia nyingine. Kila pakiti ya risasi za kiwandani ina namba ya toleo, na matoleo mawili ya jina moja yanaweza kupishana kwa kasi kuliko risasi za toleo moja zinavyopishana zenyewe. Anunue pakiti moja ya aina tatu au nne za mashindano, azijaribu, na aina iliyokubaliana na mtutu wake ainunue kwa kadiri cheti kinavyomruhusu, zote za namba moja. Mashindano ya Target Rifle huko Bisley, Uingereza, ambayo Wakenya wamewahi kushiriki, kwa miaka mingi yameendeshwa kwa kuwapa wapigaji wote risasi za aina moja, na watu hupata alama za juu hadi yadi 1,000 bila kushindilia hata moja. Kati ya risasi nzuri ya kiwandani na ya mkono, pengo lipo. Pengo kati ya msomaji wa upepo na asiyeusoma ni kubwa zaidi.

Hewa ndiyo sehemu ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi nyingine haviwezi kumaliza. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Mchana wa kawaida hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na ya Bungoma kwa karibu moja ya saba. Hewa nyepesi huivuta risasi kidogo. Risasi ya .308 ya greni 175 ikilengwa kwa marekebisho ya pwani, kwa yadi 1,000 itapita juu ya alama ya Kitale kwa zaidi ya mita moja. Kati ya Kitale na Bungoma peke yake, mwendo wa saa chache kwa matatu, tofauti kwa umbali huo hufika sentimita 30 hadi 40. Uwanja wa Stoni Athi, kusini-mashariki mwa Nairobi, uko karibu na mwinuko wa mita 1,500 na kidogo, kwa hiyo hewa yake inaikaribia ya Bungoma kuliko ya Kitale, na mlengaji wa Kitale anayeshuka huko asitegemee vipimo vya nyumbani.

Programu za simu za kukokotoa mwendo wa risasi husaidia sana, ila zina mtego mmoja unaowanasa watu wa nyanda za juu. Zinauliza shinikizo la hewa. Utabiri wa hali ya hewa katika simu hutoa shinikizo lililorekebishwa kana kwamba mji uko baharini, mara nyingi kati ya hektopaskali 1,010 na 1,020. Shinikizo halisi la Kitale ni karibu 810. Mlengaji akiingiza lile la utabiri bila kutaja mwinuko, programu itampigia hesabu za Mombasa. Kipimo sahihi ni kile kinachosomwa na kifaa mkononi, mahali anaposimama, bila kurekebishwa.

Joto hucheza pande mbili. Asubuhi ya Kitale inaweza kuwa na digrii 12 na alasiri 27, na badiliko hilo hupunguza uzito wa hewa kwa karibu asilimia tano, sawa na kupanda kutoka Bungoma hadi Kitale bila kuondoka uwanjani. Wakati huohuo baruti yenyewe hupata moto. Baadhi ya aina hubadilisha kasi kwa karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila digrii, nyingine kidogo zaidi ya sifuri, na kwa nchi yenye asubuhi baridi na mchana mkali aina hizi za pili zinastahili bei yake. Risasi zisiachwe kwenye dashibodi, wala isikae risasi ndani ya chemba iliyochemka huku mlengaji akisubiri upepo. Ikisubiri dakika nzima itatoka kwa kasi kubwa kuliko wenzake. Kipimo cha juu hujaribiwa katika siku ya joto. Kilichokuwa salama saa mbili asubuhi Kapenguria kinaweza kuzidi saa nane mchana Malaba. Unyevu wa hewa, ambao wengi huuogopa msimu wa mvua, haufai kuwakosesha usingizi: athari yake kwa mwendo wa risasi ni ndogo mno.

Kuna jambo linalosahaulika kuhusu mzunguko. Hewa nyepesi humsaidia anayetumia kichwa kirefu katika mtutu wenye michirizi ya mzunguko wa polepole, kwa kuwa kichwa hutulia kwa urahisi zaidi. Akishuka pwani, au akienda Bisley ambako ni karibu na usawa wa bahari, kichwa hichohicho kinaweza kuanza kuyumba na kuacha matundu marefu badala ya mviringo. Anayejiandaa kwa safari achague kichwa ambacho mtutu wake unakimudu katika hewa nzito.

Upepo mwanana wa kilomita 16 kwa saa, ukivuma kutoka ubavuni, huisukuma risasi hii zaidi ya mita mbili kwa yadi 1,000 katika usawa wa bahari. Kitale huisukuma pungufu, lakini bado ni kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Kati ya Elgon na vilima vya Cherangany asubuhi huwa tulivu, kisha mawingu hujikusanya na alasiri upepo hugeuka kabla ya mvua. Bendera za uwanja husema sehemu tu ya habari. Mashada ya mahindi huonyesha upepo wa chini, vilele vya migrevilea mipakani mwa mashamba huonyesha ule ambao risasi itakutana nao juu ya njia yake, na viwili hivyo mara nyingi havikubaliani. Darubini ikilegezwa kidogo ili ione hewa iliyo kati ya mlengaji na shabaha, mawimbi ya joto huonekana yakitiririka upande upepo unakokwenda. Mazoezi ya kupigia saa mbili asubuhi peke yake humjenga mlengaji wa siku tulivu, na mashindano hayamchagulii siku.

Daftari liwe na ukurasa kwa kila kundi la risasi: maganda na idadi ya mara yalizopigwa, fataki, baruti na namba yake ya toleo, uzito, kichwa, urefu, tarehe, mahali, shinikizo halisi, joto na upepo. Kila sanduku libandikwe karatasi yenye habari hizo, kwani risasi isiyo na jina ni ya kubomolewa. Zihifadhiwe mahali pakavu, zimefungwa kwa kufuli, mbali na bunduki, na idadi yake pamoja na vichwa vilivyokwisha kufungwa ilingane na cheti kila siku, si siku ya ukaguzi tu. Risasi iliyokataa kuwaka isifunguliwe bolti papo hapo. Mtutu ubaki umeelekezwa kwenye shabaha kwa nusu dakika, kwa kuwa fataki huweza kuchelewa. Zilizoharibika hazitupwi chooni wala kuchomwa kwenye taka: huvunjwa kwa nyundo maalumu ya kutolea vichwa na anayejua kuitumia, na zile za zamani zilizorithiwa, za .303 zilizosahaulika kabatini au zilizokutwa shambani, hazifunguliwi kabisa, polisi huarifiwa waje kuzichukua.